Historia ya Sabuni Yetu: Kutoka Majivu ya Migomba Hadi Mizani



Kamati yetu imeniomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu, linalotolewa kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Najua wengi wanategemea habari za vita ya 1996 na jinsi tulivyovuka Ziwa Tanganyika usiku, tukiwa tumebanana ndani ya mitumbwi. Hizo zimekwisha kuandikwa, na wenye kumbukumbu kubwa kuliko yangu wataziandika tena, kwani mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka sita. Leo nimechagua kitu kidogo ambacho kila nyumba hapa Nyarugusu inakihitaji kila siku, nacho ni kipande cha sabuni.

Sababu yangu ni hii. Katika miaka niliyoishi hapa nimeona mara nyingi wanakijiji wakifundishwa kutengeneza sabuni ili wapate kipato cha ziada. Mafunzo huchukua siku tatu au tano, vyeti hutolewa, picha hupigwa, na kikundi huachiwa ndoo mbili na mwiko. Baada ya miezi michache unazikuta ndoo zile zinabeba udongo wa kukandika nyumba. Hapo watu husema kwamba wanakijiji ni wavivu, au kwamba hawapendani. Mimi sikubali. Historia ya sabuni katika nchi zetu inaonyesha kwamba ufundi wa kupika haujawahi kuwa shida yetu kubwa. Shida imekuwa ni nani anashika kipimo, nani anashika dawa ya kuchanganya, na nani anashika soko. Naomba tufuatane taratibu.

1. MAJIVU NA MAWESE

Sabuni ni mafuta yaliyoungana na magadi makali mpaka vyote viwili vikageuka kuwa kitu cha tatu. Mafuta peke yake yanachafua nguo. Magadi makali peke yake yanaunguza ngozi. Vikikutana kwa kiasi chake, vinasafisha. Kazi yote ya fundi wa sabuni imo katika maneno hayo mawili: kiasi chake.

Mafuta hayakukosekana kwetu. Pande zote za ziwa, Fizi, Uvira, Rumonge na Kigoma, michikichi imekuwapo tangu zamani. Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 alikuta mawese ni bidhaa ya biashara, akayaandika katika kitabu chake kwa jina letu hilohilo.

Magadi yalitoka katika majivu. Mama mmoja mzee wa kijiji chetu, mzaliwa wa Fizi, alinieleza jinsi mama yake alivyofanya. Maganda ya ndizi na majani makavu ya migomba yalichomwa. Majivu yakatiwa katika chungu kilichotobolewa chini, maji yakamiminwa juu pole pole, na yale yaliyochuruzika yakapikwa pamoja na mawese mpaka yakawa mazito kama uji. Sayansi inamuunga mkono. Majivu ya mgomba yana potasi nyingi, na potasi ikiungana na mafuta huleta sabuni laini isiyoganda kama mche. Ndiyo maana sabuni ile iliwekwa katika kibuyu au ilifungwa ndani ya majani, haikukatwa vipande.

Uzuri wa sabuni hiyo ni kwamba kila kitu kilitoka uani. Hakuna aliyeomba kibali wala kusubiri gari kutoka mjini. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ya majivu ilibadilika kila siku. Walipima kwa kuchovya unyoya wa kuku. Ukianza kunyonyoka, maji yana nguvu ya kutosha. Kwa nyumba moja kipimo hicho kilifaa. Kwa kuuzia watu hakikufaa, kwa maana sabuni ya Jumatatu na sabuni ya Ijumaa hazikuwa ndugu.

2. MAFUTA YETU, BEI YAO

Wazungu nao walipika sabuni kwa majivu miaka mingi. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na mwaka 1823 Mfaransa mwenzake, Michel-Eugène Chevreul, alichapisha utafiti ulioeleza mafuta yameundwa na nini na kwa nini yanageuka kuwa sabuni. Tangu hapo kazi ya kubahatisha ikawa kazi ya hesabu. Viwanda vikakua, vikahitaji mafuta mengi kuliko mifugo ya Ulaya ilivyoweza kutoa, na macho yakageukia michikichi ya Afrika.

Mwingereza William Lever, aliyeanza kuuza sabuni ya Sunlight katika miaka ya 1880, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki katika maeneo matano ya mviringo, kila moja likienea kilomita 60 kila upande kutoka katikati, ambamo iliweza kujipatia hadi hekta 750,000 kwa jumla. Lusanga, kwenye mto Kwilu, ikabatizwa jina la Leverville.

Sisi wa Fizi na Uvira hatukuwa ndani ya maeneo hayo, lakini nchi ni moja na somo ni moja. Mkata ngazi alipanda juu ya mchikichi uliokuwa wa wazee wake, akauza ngazi kwa bei iliyopangwa na kampuni, akalipa kodi iliyopangwa na serikali, na alipohitaji sabuni akainunua dukani kwa bei iliyopangwa na wengine. Uchumi wa dunia ulipoanguka, bei ya ngazi ilishuka huku kodi ikiendelea kudaiwa. Mwaka 1931 Wapende waliasi. Maasi yao yalizimwa kwa bunduki, na mamia ya watu waliuawa.

Ninawakumbuka watu hao hapa kwa sababu hawakukosa mafuta wala nguvu za kufanya kazi. Walichokosa ni mkono katika bei.

3. MIAKA YA UHABA

Mara ya pili sabuni ilipotufundisha jambo ni wakati ilipotoweka madukani.

Kwetu Zaire, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa raia. Wengi waliokabidhiwa hawakuwa na ujuzi wala mtaji, na maduka mengi yakaishiwa bidhaa. Upande wa Tanzania, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu vilevile. Majirani zetu wa hapa Kigoma wenye umri mkubwa wanaikumbuka foleni ya sabuni, na wanakumbuka kufulia nguo majani ya mpapai.

Wakati kama huo watu hurudia walichonacho. Wazazi wetu walirudi kwenye mawese, lakini safari hii hawakurudi kwenye majivu. Walitumia kostiki soda, ile iliyotoka viwandani. Hiyo ndiyo inayogandisha sabuni ikawa mche mgumu unaoweza kukatwa, kuhesabiwa na kuuzwa sokoni. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa la ndani la ngazi, nayo yalitumika kwa sababu yanatoa povu jingi. Upande wa Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, liliingiza utengenezaji wa sabuni katika mafunzo yake.

Angalieni mabadiliko yaliyotokea hapo. Majivu yalikuwa uani kwa mama. Kostiki iko kwa mfanyabiashara wa mjini. Sabuni ikawa bora zaidi, lakini mpishi akawa na bwana mpya. Kostiki ikipanda bei, anapunguza faida. Kostiki ikikosekana, anazima moto.

4. SABUNI UPANDE HUU WA ZIWA

Kambi yetu ilifunguliwa mwishoni mwa 1996. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, wenzetu wa huko waliletwa hapa, wakaja na kazi zao za mikono.

Ni vizuri vijana wajue kwamba si wakimbizi wote wa Tanzania walianza kama sisi. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Sisi wa 1996 tulipewa kiwanja cha nyumba na kadi ya mgao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Mtu asiye na shamba na asiyeweza kwenda mbali kutafuta kibarua anabaki na kazi za uani: kushona, kusuka, kuoka mandazi, kupika sabuni. Kwake fedha hiyo inayoitwa ya ziada ndiyo inayonunua daftari la mtoto, chumvi na dagaa.

Sabuni yenyewe ni kinga ya uhai. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kuwa 50,000 katika mwezi mmoja. Chanzo kikubwa kilikuwa maji machafu, lakini mikono isiyonawiwa ni njia nyingine ya magonjwa hayohayo. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi iliyokuwa na wakimbizi wa Msumbiji, watafiti walizifuatilia familia nyumba kwa nyumba. Waligundua kwamba nyumba ilipokuwa na sabuni, matukio ya kuhara yalipungua kwa asilimia 27 kuliko ilipokuwa haina.

Kipimo kilichotumiwa na UNHCR kwa miaka mingi kilikuwa gramu 250 kwa mtu kwa mwezi. Kwa kipimo hicho familia ya watu sita ilipata kilo moja na nusu ya kuogea, kufulia, kuoshea vyombo na kunawia. Kila mama anajua kwamba ilikwisha kabla ya mwezi, na wapo waliouza kipande ili wapate chumvi. Kwa hiyo soko la sabuni lipo hapahapa kijijini. Anayetengeneza sabuni nzuri ya bei nafuu anajisaidia yeye na anasaidia watoto wa jirani wasihare.

5. NILIVYOKOSEA MIMI

Sasa niseme yangu. Mwaka 2007 nilirudi Kongo na wazazi wangu, nikamaliza shule na kusomea ualimu. Machafuko yakanirudisha Nyarugusu. Mwaka 2018 akina mama kumi na wanne wa kijiji chetu, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu, waliniomba niwafundishe sabuni, kwa kuwa nilisoma kemia kidogo chuoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo mpango wa kutoa fedha taslimu badala ya chakula ulikuwa umesimamishwa, na wateja wa maandazi na vitenge walikuwa wamepungua.

Hatukuwa na mizani. Nilitafuta kopo, nikalipima kwa mizani ya kuazima sokoni, nikaweka alama ya msumari: kostiki ifike hapa kwa kila kilo ya mawese. Sabuni ya kwanza ilitoka nzuri sana, ikanunuliwa yote. Tulipoishiwa kostiki tukanunua nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya vipande bapa. Ya pili ilikuwa ya punje ndogo kama mtama. Nami nikatumia kopo lilelile na alama ileile.

Yeyote aliyewahi kupima mahindi na unga kwa debe moja anajua kosa langu. Punje zinajazana vizuri kuliko vipande bapa, na kopo moja likawa zito kuliko mwanzo. Kostiki ikazidi mafuta, na ile iliyozidi ikabaki ndani ya mche ikisubiri ngozi. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akanionyesha viganja vyake vilivyobabuka. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, hii nimefulia nepi za mtoto."

Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukirudisha fedha na kukusanya vipande. Akina mama walitoa akiba yao yote. Mtoto hakupata madhara, kwani nepi zilikuwa zimesuuzwa mara nyingi, lakini jina la sabuni yetu lilikufa. Nilipewa heshima ya ualimu nikafundisha mapishi bila kipimo. Nilikuwa nimerudi kwenye unyoya wa kuku, huku nikiwa na dawa yenye nguvu kuliko majivu.

6. TUFUNDISHE NINI

Tulianza upya baada ya karibu mwaka mzima, na mambo yafuatayo ndiyo yaliyotusimamisha. Nayaandika ili vikundi vingine visilipe ada tuliyolipa sisi.

Kwanza, mizani. Kilo moja ya mawese humalizana na gramu 141 hivi za kostiki safi. Sisi tunatia 134, ili mafuta kidogo yabaki ya kulinda mikono, na maji gramu 330 hivi. Mafuta ya mise yanataka zaidi, karibu gramu 175 kwa kilo ili yamalizike yote, kwa hiyo anayebadilisha mafuta abadilishe hesabu. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inafaa kununuliwa kabla ya ndoo.

Pili, usalama. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi kamwe juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka na kuruka usoni. Tusitumie sufuria za alumini, maana kostiki inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Tutumie ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma. Tuvae glavu na miwani. Maji ya kostiki yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto atakunywa na kuungua koo. Ikirukia ngozi au jicho, oshwa kwa maji mengi kwa muda mrefu. Aliyemeza asitapishwe, akimbizwe zahanati. Mche ukaushwe wiki nne kabla ya kuuzwa.

Tatu, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sabuni ikikauka hupungua uzito, kwa maana maji yanaondoka. Kikundi kinachohesabu faida kwa uzito wa sabuni mbichi kinajidanganya, na kinachouza mbichi kinamdanganya mteja. Tuandike mafuta, kostiki, kuni, nauli na kazi yetu wenyewe, kisha ndipo tupange bei.

Nne, ununuzi wa pamoja. Gunia la kostiki la kilo 25 linatosha karibu kilo 186 za mawese. Kikundi kimoja hakiwezi kulinunua, na hata kikiweza, kostiki iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika. Vikundi vitano vikiungana vinaomba kibali kimoja, vinafanya safari moja, vinagawana kwa mizani na kufunga mifuko barabara. Majirani wa Makere na vijiji vingine wanaotengeneza sabuni wanaweza kuwa wenzetu katika hilo. Mkono katika bei, ule waliokosa wakata ngazi wa Lusanga, hupatikana kwa njia hii.

Wengi siku hizi wanapenda kufundishwa sabuni ya maji. Siipingi, ni rahisi kupika na inapendwa kwa vyombo. Lakini slesi, asidi ya sulfoniki na soda ashi zote zinatoka mjini. Katika sabuni ya mche, mafuta angalau ni ya mkoa huuhuu wa Kigoma. Anayechagua achague akijua.

Kwamba inawezekana, hatuna haja ya kubishana. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, mkimbizi wa kutoka Burundi aliyekuwa mwanafunzi wa kemia alianzisha kiwanda kidogo cha sabuni mwaka 2015, akawafundisha na kuwaajiri wengine, na Korona ilipokuja mwaka 2020 akapunguza bei ili kila mtu aweze kunawa.

7. OMBI LANGU KWA KAMATI

Ninaiomba kamati mambo mawili. Shirika lolote litakalokuja kufundisha sabuni katika vijiji vyetu liulizwe kwanza: baada ya mafunzo, kostiki itatoka wapi, na mizani itabaki kwa nani? Na vikundi vilivyopo viandikishwe pamoja ili vinunue pamoja.

Siku moja wengi wetu tutavuka ziwa kurudi, kama wazazi wangu walivyorudi mwaka 2007. Ndoo hazitaingia zote katika meli, lakini hesabu ya gramu 134 kwa kilo haina uzito, na michikichi ya Fizi bado inatusubiri.

Mama yule aliyenionyesha viganja vyake ndiye mweka hazina wetu sasa. Yeye ndiye anayeshika mizani, na haniruhusu kutia kostiki mpaka aione namba kwa macho yake mwenyewe.



Mwalimu wa shule ya msingi, Nyarugusu